Mwaka wa Kuchora Bila Mishale

Mapema mwaka huu Daktari Felista alinipigia simu kunijulisha kwamba amestaafu, amehamia Pangani, na kwamba nisipokwenda kumwona kabla ya Ramadhani atanuna. Nilikwenda. Nilimkuta kwenye nyumba ndogo nyuma ya soko, amejifunga kitenge, anapepea mkaa kwa kifuniko cha sufuria, na kabla sijamaliza kusema shikamoo akaniambia, "Marahaba. Umenenepa, Bakari. Ingia, samaki wanaungua." Tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga, tukanywa chai ya maziwa, tukacheka mpaka jirani akachungulia. Ukutani, mahali ambapo watu wengine wangetundika picha ya harusi, alikuwa ametundika karatasi ya plastiki iliyochakaa, imetiwa fremu, na ndani yake mstari wa wino mweusi uliojipinda na kujikata wenyewe kama uzi uliochezewa na paka. Mstari huo niliuchora mimi. Niko kwenye umri ambao watu wameanza kunipisha kwenye foleni, na nimechora vitabu vya shule na mabango ya zahanati mengi kuliko ninayoweza kuyakumbuka, lakini mwaka ulionifanya niwe mchoraji ni ule mmoja niliomfanyia kazi mwanamke huyu kule Raskazone, mjini Tanga, na sijawahi kuueleza wote kwa mpangilio.

Wakati ule nilikuwa kijana nisiye na mke wala baiskeli yangu mwenyewe, nikifanya kazi kwenye banda la mabango la mjomba wangu, Mzee Kombo, pale Ngamiani. Tulichora vichwa vya wanaume kwa ajili ya vinyozi, ng'ombe kwa ajili ya mabucha, na majina ya maduka kwa herufi zenye kivuli. Mjomba alikuwa mtu mnene, nadhifu, asiyevua kofia hata akiwa juu ya ngazi, na alikuwa na imani moja kuhusu kazi yetu: picha lazima ieleze. Mtu akiangalia bango ajue nani anafanya nini na anakwenda wapi. Kwa hiyo mishale ilikuwa mingi katika maisha yetu. Kinyozi yuko uani, mshale. Choo cha wanawake, mshale. Alinifundisha kuuchora kwa pigo moja la brashi bila kurudia, na mpaka leo mkono wangu ukiachwa peke yake na brashi huanza kuchora mshale. Daktari Felista alikuja bandani asubuhi moja kwa baiskeli, akaiegemeza kwenye mlimao, akauliza ni nani aliyemchora ng'ombe wa bucha la kona. Nikasema ni mimi. "Anaonekana anawaza," alisema. "Basi ni wewe ninayekutaka." Akaeleza kwamba ana maabara ndogo Raskazone, anachunguza jinsi protini zinavyotembea ndani ya bakteria, na anataka mabao makubwa ya picha ayapeleke mashuleni, watoto waone mambo ambayo yeye mwenyewe alisomeshwa kwa kukariri tu. Mjomba akauliza bakteria ndiyo nini. Akaambiwa ni vijidudu vidogo visivyoonekana, vingine vinaleta kuhara, vingine ndivyo vinavyogandisha mtindi. "Na ndani ya kijidudu kuna vitu vinatembea?" mjomba akauliza. "Tele," alisema Daktari. Mjomba alinitazama, akamtazama yeye, akasema haya, niende, ila siku ambazo kazi ni nyingi bandani nirudi.

Nyumba ile ya maabara ilikuwa ya zamani, kuta zake nene kiasi kwamba ungeweza kukaa kitako dirishani na sahani yako ikapata nafasi pembeni. Chumba cha mbele kilikuwa cha chupa na majokofu. Chumba cha kati, ambacho zamani kilikuwa stoo ya vyakula, kilikuwa kimezibwa madirisha kwa mbao na vitambaa vyeusi, na humo ndimo ilimokaa hadubini. Nyuma kulikuwa na ukumbi wenye sakafu ya vigae vyekundu, na hapo nilipewa meza, rangi, na mabao yangu. Tulikuwa watatu tu. Wa tatu alikuwa Mwantumu, fundi wa maabara, Mdigo wa Mkinga, aliyecheka kwa urahisi na kunawa mikono kwa ukali kama anaigombeza. Mchana alipika yeye, mara nyingi bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, na Daktari, aliyekulia kwenye kambi za mkonge kwenye ugali wa mahindi, alikuwa amelipenda bada kuliko sisi tuliozaliwa nalo. Tulikula sinia moja. Humo ukumbini ndimo nilimosikia mazungumzo ambayo sikuyaelewa mwanzoni, nikawa nachukua neno moja moja kama mtu anayeokota kokwa. Siku nyingine walibishana mlo mzima juu ya jina la huo mwendo wa protini. Jina la vitabuni Daktari hakulitaka, akisema mtoto wa Maramba atalikariri na kulisahau. Mwantumu akapendekeza kuzagaa. "Kuzagaa ni takataka," Daktari akasema. Kusambaa je? Hapana, kusambaa kunaeleza mwisho, hakuelezi safari. Mimi, nikiwa nimejaza mdomo, nikasema kama vitu vyenyewe havijui vinakokwenda, basi vinatangatanga. Daktari aliacha kula. Mwantumu akasema watu wa Tanga watatushtaki. Lakini jina likabaki.

Bao langu la kwanza nililifanya kwa siri, nimeligeuzia ukutani, nikakataa lisionwe mpaka limalizike. Nilikuwa nimeelezwa kwamba bakteria ni kama kifuko kirefu kilichojaa maji na protini, na kwamba kila protini ina kazi yake na mahali pake pa kuifanyia. Mimi mtu wa Tanga, nikisikia safari ya kwenda kazini naona baiskeli. Nikachora kifuko kikubwa cha kijani, na ndani yake protini zenye sura, kila moja imepanda baiskeli, nyingine imefunga mzigo nyuma, nyingine inapiga kengele, na mbele ya kila gurudumu mshale mwekundu. Mjomba alipokuja kuchungulia alisema hajawahi kuona kazi nzuri kama ile kutoka mkononi mwangu. Daktari alilitazama muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani na kuifuta, nami nikacheka naye kwa kudhani nimefaulu. Alipotulia akasema, "Nzuri sana, Bakari. Nitaitundika chumbani kwangu. Lakini si kweli. Njoo."

Akaniingiza kwenye chumba cha giza. Mwantumu alikuwa kwenye hadubini, na kwenye kioo cha kompyuta pembeni niliona vijiti vidogo vya kijani vinang'aa, vimelala huku na huku. Daktari akanieleza kwamba wamewawekea bakteria hao protini inayotoa mwanga wa kijani, kwa hiyo kila palipo na kijani pana protini. "Tazama hiki kimoja," akasema. Mwantumu akakimulika upande mmoja kwa mwanga mkali, na upande ule ukafifia, kijani kikazimika, kijiti kikawa nusu kinang'aa na nusu giza. Kabla sijamaliza kupepesa jicho, kijiti chote kilikuwa na kijani tena, hafifu zaidi, lakini sawasawa kuanzia ncha mpaka ncha. Nikauliza ni nani amewasha. "Hakuna aliyewasha," Daktari akasema. "Zile zilizozimika zimebaki zimezimika. Ila zile nzima za upande wa pili zimetangatanga mpaka huku, na zilizozimika zimetangatanga kwenda kule. Zimechanganyika." Nikauliza zilijuaje kwamba huku kuna upungufu. Akasema hilo ndilo swali analoulizwa kila darasa, na jibu ni kwamba hazikujua. Kila moja inagongwa na maji na wenzake, inasogea, inagongwa, inasogea, haina nia yoyote. Na kwa sababu nyumba yenyewe ni ndogo, kugongwagongwa huko kunatosha kuifikisha kila kona mapema tu. "Ndiyo maana sitaki mishale," alisema. "Mshale ni mtu anayejua njia."

Nilirudi Ngamiani jioni ile nikamweleza mjomba, na nilieleza vibaya, kwa sababu kesho yake alikuja Raskazone mwenyewe, kofia imenyooka, kudai maelezo. Alikaa ukumbini, akakataa chai. Daktari akamwamkia. "Bi Daktari," mjomba alisema, "huyu mpwa wangu anasema humo ndani vitu vinafika bila mtu kuvipeleka." Daktari akasema ndivyo. "Nani anavipeleka?" "Hakuna, mzee wangu." "Hakuna, na vinafika?" "Vinafika." Mjomba akavuta pumzi. "Mama, mimi sijasoma kama wewe. Lakini kitu hakiendi bila kupelekwa. Hata jani likidondoka lina aliyelipeleka." Daktari alijibu kwa upole kwamba yeye naye ni mtu wa kanisani na habishani na hayo, anachosema ni kwamba ndani ya bakteria hajaona mpagazi wala barabara. Mjomba alisimama. Aliliangalia lile bao la baiskeli lililokuwa limegeuzwa ukutani, kama mtu anayemwangalia ndugu aliyedhulumiwa, akaniambia mimi, mbele yao, "Picha isiyosema mtu anakwenda wapi ni doa. Ukichoka kuchora madoa, banda lipo." Akaondoka kwa miguu. Baada ya hapo hakunisemesha. Tulikaa nyumba moja na kula sinia moja, shangazi, mke wa mjomba, akitupitishia maneno kama mkalimani: mwambie mpwa wako chumvi hiyo hapo, mwambie mumeo nimeiona. Sasa nikikumbuka naona ilichekesha, na nadhani shangazi aliliona hilo tangu mwanzo. Mimi wakati ule nililala vibaya. Yeye ndiye aliyenitia brashi mkononi, na kila siku nilipokwenda Raskazone nilijiona kama nampa kisogo.

Na kazi yenyewe ilinishinda. Nilichora protini bila baiskeli, zikawa viazi. Nikazichora bila sura, zikawa nukta, na mjomba akawa amesema kweli, bao lilikuwa madoa matupu. Aliyenikwamua ni Mwantumu. Alikuwa na bakteria wengine ambao ndani yao kulikuwa na chembe moja kubwa inayong'aa, kubwa kiasi kwamba ilisogea taratibu na macho yaliweza kuifuata. Akanipa kazi ya kubandika karatasi ya plastiki juu ya kioo cha kompyuta, na kila alipobofya picha kusonga mbele niweke nukta pale ilipo chembe, kisha niunganishe. "Usiifikirie," alisema. "Ifuate tu." Nilikaa kwenye giza lile nikiifuata. Ilikwenda kushoto, ikarudi, ikazunguka mahali pamoja kama imesahau kitu, ikaruka, ikarudi karibu na ilikotoka. Mara mbili niliweka nukta mahali nilipotegemea ingekwenda, na mara zote mbili ikawa kwingine. Nilianza kuipenda. Nilipobandua ile plastiki na kuishika kwenye mwanga wa dirishani nilikuwa na mstari ambao mkono wangu usingeweza kuubuni kamwe, kwa sababu mkono wa mtu hutafuta mahali pa kwenda. Tukafanya ya pili, na ya tatu. Mistari ya chembe kubwa ilijikunja mahali padogo. Ya ndogo ilitapakaa. Bakteria waliotiwa kwenye maji ya chumvi, ambao husinyaa na kubanana ndani, mstari wao ulikuwa kama fundo la uzi. Nikachora mabao upya: kifuko kile kile, umati wa nukta, na kati yao mistari michache kama ilivyokuwa kweli, haina mwanzo unaojulikana wala mwisho. Daktari alisimama mbele yake akaziba mdomo kwa mkono. "Hiyo," alisema. Basi. Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya vile.

Shule ya kwanza ilikuwa Maramba, na gari tuliloahidiwa likaharibika. Mwantumu akasema pikapu pekee anayoifahamu ni ya mjomba wangu. Nikasema basi tutakwenda kwa miguu. Daktari hakucheka. Alichukua baiskeli yake akaenda Ngamiani, na aliyonisimulia shangazi baadaye ni haya: aliingia bandani, akaamkia, akaketi kwenye benchi la wateja, akanywa kahawa chungu aliyopewa bila kukunja uso. Akasema, "Mzee Kombo, nimekuja kukuazima gari na dereva. Hukubaliani nami, najua. Lakini watoto wanasubiri." Mjomba akaendelea kupaka herufi mpaka akaimaliza. "Dereva ni mimi," alisema. "Gari yangu haendeshi mtu mwingine."

Tuliondoka asubuhi, wao wawili mbele, mimi na Mwantumu nyuma na mabao yaliyofunikwa turubai. Karibu na Maramba mvua ilitukuta, mvua ya huko ya kushuka bila onyo, na upepo ukaling'oa turubai kamba moja baada ya nyingine huku sisi tumelikumbatia. Nilikuwa nimetumia rangi ya maji, kwa sababu rangi ya mafuta isingewahi kukauka. Tulipofika uwanjani jua lilikuwa limetoka, wanafunzi wamepangwa mistari, na mabao yangu yalikuwa yametiririka yakawa kijani kimoja kutoka juu mpaka chini. Mwalimu mkuu aliyatazama kwa adabu. Daktari alikaa kwenye ukingo wa pikapu, akasema polepole, "Pole, Bakari." Nilimngoja mjomba aseme yale ya madoa, lakini hakuyasema.

Sijui wazo lilinijia kutoka wapi, ila nilikuwa nimewatazama wale watoto, wamebanana, wanasukumana kidogo kidogo mwalimu asione. Niliomba jembe. Nikachora kifuko kirefu kwenye udongo wenye unyevu, kikubwa kama madarasa mawili, nikamwomba mwalimu mkuu aniingizie wanafunzi humo mpaka wajae. Upande wa kulia kila mmoja akapewa jani la mgomba la kushika juu. Upande wa kushoto mikono mitupu. Sheria ikawa moja: fumba macho, tembea polepole, ukigongwa geuka. Daktari alikuwa ameshasimama, uso umebadilika. Akapiga filimbi ya mwalimu. Ilikuwa vurugu na vicheko, watoto wanagongana mabega, wanageuka, wanarudi walikotoka, na majani yale yakaanza kuonekana katikati, halafu pembeni, halafu ncha ya mbali kabisa. Alipopiga filimbi tena akawaambia wafumbue macho. Majani yalikuwa kila mahali. Msichana mmoja aliyekuwa na jani kwenye kona ya kushoto alijitazama, akatazama alikotoka. "Nani amekuleta huku?" Daktari akamuuliza. "Hakuna, mwalimu." "Ulitaka kuja huku?" "Hapana. Nimejikuta." Darasa zima likacheka, na Daktari akacheka kuliko wote.

Kisha akasema anataka protini kubwa, aone itakwendaje, na wanafunzi wote wakamgeukia mjomba. Alikataa kwa mkono. Wakamwomba. Akaingia, kofia na yote, amekamatana mkono na mwalimu mkuu ambaye naye hakuwa mwembamba, wamefumba macho, wanakwenda kama kabati linalohamishwa. Waligongwa kila upande. Mara ya kwanza hawakufika popote. Mara ya pili, baada ya muda mrefu, walijikuta wamebanwa kwenye ukingo wa nyuma, mjomba akihema, shati limetoka kwenye suruali, anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipokuja Raskazone. "Mimi huku sikutaka," alikuwa akisema. "Jamani, mimi huku sikutaka kabisa."

Tukirudi nilisikia mazungumzo yao kupitia dirisha la nyuma lililokuwa wazi. Mjomba akasema, "Bi Daktari, ulinieleza vibaya siku ile." "Vipi, mzee wangu?" "Ulisema hakuna anayesukuma. Kumbe wote wanasukuma." Nikamsikia Daktari anasema, "Ningekuwa na akili ningekueleza hivyo." Mwantumu alinipiga kiwiko mpaka nikaumia. Jioni ile, kwenye sinia, mjomba aliniambia mwenyewe, moja kwa moja, "Bakari, nisogezee chumvi," na shangazi akainuka kwenda jikoni ili tusimwone anavyocheka.

Mwishoni mwa mwaka muda wa kazi ile uliisha. Daktari akahamishiwa Dar es Salaam na hadubini yake, Mwantumu akaolewa Horohoro, nami nikarudi bandani. Lakini mwalimu mkuu wa Maramba alikuwa ametuma salamu: anataka picha ile ukutani, ukuta mzima wa nje wa darasa, kwa rangi ya mafuta safari hii. Tulikwenda mimi na mjomba. Nilichora mimi, yeye akishika ngazi na kuchanganya rangi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kati yetu. Siku ya mwisho mjomba alipanda yeye kumalizia ukingo wa juu, na mwalimu mkuu akaja, akarudi hatua kadhaa nyuma, akainamisha kichwa. "Nzuri," alisema, "lakini mtoto ataanzia wapi kusoma? Wekeni mishale miwili mitatu." Nilishika brashi nikangoja, kwa sababu mwenye banda ni mjomba, na mteja ni mteja. Mjomba hakushuka kwenye ngazi. "Mwalimu," alisema, "hivi havina njia, vinasukumana tu. Ukiweka mshale utawadanganya hawa watoto, na wao walikuwa humo ndani. Watakucheka." Mwalimu mkuu alikuna kidevu, akaangalia ukuta tena, akasema basi, akarudi ofisini.

Kazi zote za banda letu zilikuwa na jina moja kwenye kona ya chini, KOMBO, nyeusi, hata zile nilizozichora mimi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ndivyo ilivyokuwa na sikuwahi kuona ubaya wake. Nilichovya brashi nyembamba nikachuchumaa kuliandika. "Acha," mjomba akasema kutoka nyuma yangu. "Andika lako." Nikamwangalia kuhakikisha sikusikia vibaya. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, anatazama upande mwingine. Niliandika Bakari, kwa herufi ndogo, pale chini karibu na nyasi. Alikuja, akainama kwa shida, akasoma. "Ongeza ukubwa," alisema. "Mtu aliyeko barabarani atalisomaje hilo?"